Kabla ya upasuaji wa kifua: madaktari hupimaje hatari ya matatizo ya kupumua?

Msikilizaji wetu mmoja wa kata ya Tindiga, wilayani Kilosa, alitueleza jambo lililomkera. Baba yake alikuwa amepangiwa upasuaji wa kifua. Familia iliuza magunia ya mpunga ikapata nauli na pesa ya kujikimu mjini, na mzee akalazwa. Asubuhi ya siku yenyewe daktari wa usingizi alikuja, akamsikiliza kifua, akampima oksijeni kidoleni na kumuuliza maswali mengi kuhusu kikohozi na sigara. Kisha upasuaji ukaahirishwa kwa wiki kadhaa.

Walirudi nyumbani wakinung'unika. Wapo waliosema madaktari walitaka kitu kidogo. Wengine walisema ugonjwa umeshindikana ila hakuna aliyetaka kusema ukweli. Mzee mwenyewe alisema harudi tena.

Tuliona jambo hili si la familia moja. Ndiyo maana katika makala hii tunaeleza yale maswali na vipimo vinatafuta nini, hatari inahesabiwaje, na mgonjwa pamoja na ndugu zake wanaweza kufanya nini ili hatari hiyo ipungue. Tunaanza na jibu fupi: upasuaji unapoahirishwa kwa sababu ya kikohozi, mara nyingi maana yake ni kwamba hesabu imefanyika na kuna kitu kinachoweza kurekebishwa kwanza.

Nani hufanyiwa upasuaji wa kifua?

Kifuani mna moyo, mapafu mawili, njia ya hewa, umio unaopitisha chakula na mishipa mikubwa ya damu. Mtu anaweza kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya usaha uliokusanyika kandokando ya pafu, uvimbe au saratani ya pafu, saratani ya umio, madhara ya kifua kikuu, majeraha ya ajali, au ugonjwa wa moyo kama vile vali zilizoharibika.

Kwa mtu wa Tindiga safari ya matibabu huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi. Kutoka hapo rufaa huweza kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na kwa upasuaji mkubwa wa kifua mgonjwa hupelekwa katika hospitali kubwa zaidi kama Muhimbili jijini Dar es Salaam au Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Wagonjwa wa moyo hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambayo ilianza kama taasisi inayojitegemea mwaka 2015.

Safari hiyo ni ndefu na ina gharama. Kurudishwa nyumbani bila kufanyiwa upasuaji kunauma. Lakini tuone kwanza kinachoogopwa.

Kwa nini kupumua huwa shida baada ya upasuaji?

Mgonjwa akipewa dawa ya usingizi, misuli ya kupumua hulegea na mashine humsaidia kuvuta hewa. Akiwa amelala hivyo, sehemu za chini za mapafu husinyaa kama puto lililoishiwa upepo. Kikohozi, ambacho kazi yake ni kusafisha njia ya hewa, nacho huwa kimelala.

Akiamka ana kidonda kifuani. Kila akivuta pumzi ndefu anaumia, kwa hiyo anavuta pumzi fupifupi. Akitaka kukohoa anaumia zaidi, kwa hiyo anajizuia. Makohozi yanabaki ndani, sehemu iliyosinyaa haifunguki, na vijidudu vinapata mahali pa kukaa. Hapo ndipo nimonia inapoanzia. Matatizo mengine ni maji au hewa kukusanyika nje ya pafu, njia ya hewa kubana kama ya mwenye pumu, au oksijeni kushuka mpaka mgonjwa arudishwe kwenye mashine ya kupumulia katika chumba cha uangalizi maalumu.

Haya si mambo madogo. Mwaka 2006 madaktari wa Catalonia, nchini Hispania, waliwafuatilia wagonjwa 2,464 katika hospitali 59, waliofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali. Wagonjwa 123 walipata matatizo ya kupumua. Kati ya hao, karibu 20 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 30. Kwa wale ambao hawakupata matatizo hayo, waliofariki hawakufika mmoja katika kila 100.

Hesabu ya alama: mambo saba

Kutokana na wagonjwa hao, madaktari wale walitengeneza hesabu ya alama iitwayo ARISCAT, iliyochapishwa mwaka 2010. Sasa inatumika katika nchi nyingi. Inaangalia mambo saba tu, na kila moja lina alama zake:

- Umri. Miaka 51 hadi 80 ni alama 3. Zaidi ya miaka 80 ni alama 16.
- Oksijeni kwenye damu, ile inayopimwa kwa kibanio cha kidoleni mgonjwa akiwa hajawekewa oksijeni. Ikiwa asilimia 91 hadi 95 ni alama 8. Ikiwa 90 au chini yake ni alama 24. Kuanzia 96 kwenda juu hakuna alama.
- Maambukizi ya njia ya hewa ndani ya mwezi mmoja uliopita, kama nimonia au kikohozi chenye homa kilichohitaji dawa: alama 17.
- Upungufu wa damu, yaani wingi wa damu kuwa 10 au chini yake: alama 11.
- Mahali pa kupasuliwa. Sehemu ya juu ya tumbo ni alama 15. Ndani ya kifua ni alama 24.
- Muda wa upasuaji. Saa mbili hadi tatu ni alama 16. Zaidi ya saa tatu ni alama 23.
- Upasuaji wa dharura: alama 8.

Alama zinajumlishwa. Aliye chini ya 26 yuko kwenye hatari ndogo: katika kila wagonjwa 100 wa kundi hilo, waliopata matatizo hawakufika wawili. Mwenye alama 26 hadi 44 yuko kwenye hatari ya kati: walikuwa 13 hivi katika kila 100. Mwenye alama 45 na kuendelea yuko kwenye hatari kubwa: walikuwa 42 hivi katika kila 100.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa miaka 58 anatakiwa kufanyiwa upasuaji wa kifua utakaochukua saa mbili na nusu. Si dharura. Oksijeni yake ni 94, wingi wa damu ni 9, na wiki mbili zilizopita aliugua kikohozi na homa akapewa dawa. Umri ni alama 3, oksijeni 8, maambukizi 17, damu 11, kifua 24 na muda 16. Jumla ni 79. Huyu yuko kwenye hatari kubwa.

Sasa tuseme upasuaji umesogezwa mbele. Kikohozi kimepona na mwezi umepita. Chanzo cha upungufu wa damu kimetibiwa, damu imepanda kufika 11. Oksijeni imefika 96. Zinabaki alama 3 za umri, 24 za kifua na 16 za muda. Jumla ni 43, na mama ameingia kundi la hatari ya kati.

Angalia kilichopungua na kilichobaki. Umri haubadiliki, kifua ndipo ugonjwa ulipo, na muda unategemea kazi yenyewe. Alama 36 zilizoondoka zote zilikuwa ni za vitu vinavyotibika kabla ya upasuaji. Hizo ndizo wiki ambazo familia huziona kama za kupoteza.

Lazima tuseme pia kwamba alama hazitabiri yatakayompata mtu mmoja. Zinaeleza kundi la watu wanaofanana naye. Mwenye alama nyingi anaweza kupita salama, na mwenye alama chache anaweza kupata tatizo. Vilevile, mgonjwa wa dharura hasubirishwi ili alama zipungue. Mtu anayevuja damu kifuani au mwenye usaha unaomzidi huhudumiwa haraka, kwa sababu kusubiri ndiko hatari zaidi. Hata saratani haiwezi kusubiri bila kikomo. Kazi ya daktari ni kupima hatari mbili: ya kufanya leo na ya kungoja.

Maswali ambayo hesabu ya Hispania haina

Ukitazama orodha ile utaona sigara haimo. Kifua kikuu hakimo. Moshi wa jikoni haumo. Hilo halina maana kwamba havina madhara. Hesabu ile ilitengenezwa kwa wagonjwa wa huko, na ilitafuta mambo machache yanayotosha kubashiri kwa watu wengi. Kwetu sisi daktari anapaswa kuuliza zaidi, nasi tunapaswa kujibu ukweli.

Sigara na tumbaku. Mvutaji ana makohozi mengi na vinyweleo vya kusafishia njia ya hewa vimedhoofika. Usimfiche daktari. Hakuulizi ili akugombeze. Anataka kujua mapafu yako yatafanyaje ukiwa usingizini.

Kifua kikuu cha zamani. Mtu anaweza kumaliza dawa za miezi sita na kupona kabisa, lakini pafu likabaki na makovu au likasinyaa upande mmoja. Kama uliwahi kutibiwa, sema, hata kama ni miaka 20 iliyopita, na kama una kadi au picha za zamani za kifua, nenda nazo. Kama unakohoa kwa wiki mbili au zaidi, pima makohozi kabla ya safari. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Moshi. Mama aliyepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka 30 anaweza kuwa na mapafu kama ya mvutaji ingawa hajawahi kushika sigara. Mchoma mkaa naye ni hivyohivyo. Daktari wa mjini huenda asikumbuke kuuliza. Mwambie.

Dawa na maradhi mengine. Sema kama una pumu, moyo, kisukari au shinikizo la damu, na dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba. Baadhi huathiri damu kuganda au huingiliana na dawa ya usingizi.

Kupima pafu litakalobaki

Kwa mgonjwa anayekatwa sehemu ya pafu, kuna hesabu nyingine: je, pafu litakalobaki litamtosha?

Mgonjwa hupewa mrija wa mashine, akavuta pumzi hadi mwisho kisha akapuliza kwa nguvu zote. Mashine hupima hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza na kulinganisha na inayotarajiwa kwa mtu wa umri, urefu na jinsia yake. Pafu la kulia lina vipande 10 na la kushoto vipande 9, jumla 19.

Tuseme mtu amepuliza asilimia 80 ya inayotarajiwa na ataondolewa vipande vitatu vya juu vya pafu la kulia. Vitabaki vipande 16 kati ya 19. Ukizidisha 80 kwa 16 na kugawanya kwa 19 unapata kama 67. Kwa miongozo inayotumika sana, anayebakiwa na zaidi ya asilimia 60 yuko kwenye hatari ndogo, ingawa hupimwa pia jinsi mapafu yake yanavyopitisha hewa kwenda kwenye damu. Lakini kama ni pafu lote la kushoto linaloondolewa, vitabaki vipande 10, na jibu ni kama 42. Huyo anahitaji kupimwa zaidi.

Kipimo kinachofuata hakihitaji mashine kubwa. Mgonjwa hupandishwa ngazi. Anayeweza kupanda zaidi ya mita 22 kwenda juu, yaani kama ghorofa saba, ana akiba nzuri ya pumzi. Au hutembezwa kati ya alama mbili huku mwendo ukiongezwa, na kufikisha mita 400 ni dalili nzuri. Anayeshindwa hupelekwa kwenye vipimo vikubwa zaidi.

Huku kwetu ghorofa saba hazipo. Ukiulizwa kama unaweza kupanda ngazi, usijibu tu "sijui". Eleza kwa kazi unazozifanya. Je, unabeba ndoo ya maji kutoka bombani bila kupumzika? Unalima mistari mingapi kabla ya kuhema? Unasukuma baiskeli yenye gunia? Mwaka jana uliweza na mwaka huu huwezi? Majibu hayo yanamsaidia daktari sana.

Cha kufanya wiki za kungojea

Acha sigara leo. Wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza hatari waziwazi, na kila wiki inayoongezeka ina faida. Hata kama siku zimebaki chache, acha.

Maliza dawa zote ulizopewa za kikohozi, damu au pumu, usikatishe kwa kuwa umepata nafuu. Kaa mbali na moshi. Wengine wakupikie au upikie nje. Kula vizuri: maharage, mayai, samaki, mboga za majani, kinachopatikana. Tembea kila siku kadiri pumzi inavyoruhusu, na ongeza kidogokidogo kama daktari hajakukataza.

Jifunze kupumua na kukohoa kabla ya siku yenyewe. Keti wima, vuta pumzi polepole kwa pua mpaka kifua kijae, ishike kidogo, kisha iachie. Rudia mara kadhaa. Halafu kumbatia mto au kanga iliyokunjwa mahali kidonda kitakapokuwa na ukohoe kwa nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Australia na New Zealand ulihusu wagonjwa 441 wa upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo. Waliofundishwa mazoezi haya kwa nusu saa tu kabla ya upasuaji walipata matatizo ya mapafu 12 katika kila 100; wale waliopewa kijitabu tu walikuwa 27. Tumbo si kifua, lakini sababu ya mapafu kusinyaa ni ileile. Kwa hiyo uliza: "Nani atanifundisha mazoezi ya kupumua?"

Ukipata homa, mafua makali au kikohozi kipya kabla ya kusafiri, piga simu hospitali au muulize mhudumu wa zahanati kabla hujalipa nauli. Hapo utaokoa safari.

Baada ya upasuaji, na ukirudi nyumbani

Ndugu anayemuuguza mgonjwa ana kazi kubwa. Mgonjwa asiachwe amelala chali siku nzima kwa kumwonea huruma. Akiruhusiwa, aketi, ashuke kitandani, atembee, apumue kwa kina na kukohoa kila saa akiwa macho. Dawa ya maumivu asiikatae kwa kujikaza. Anayeumia hakohoi, na asiyekohoa hujikusanyia makohozi. Mpira wa kifuani usikunjwe, na chupa yake isiinuliwe juu ya kifua.

Mgonjwa akiruhusiwa kurudi, hasa masika ambapo mvua hukata barabara zetu, kubalianeni mapema mtafikaje kituo cha afya usiku. Mkimbizeni akiwa na dalili yoyote kati ya hizi: kuhema akiwa ametulia, midomo kubadilika rangi, homa, makohozi ya kijani, yenye harufu au damu, maumivu mapya ya kifua, mguu mmoja kuvimba, au kidonda kutoa usaha.

Maswali ya kumuuliza daktari

- Hatari yangu ya matatizo ya kupumua ni ndogo, ya kati au kubwa?
- Ni jambo gani linaloiongeza, na lipi linaweza kutibiwa?
- Nikingoja, ugonjwa wenyewe utazidi kiasi gani?
- Mkiahirisha, nifanye nini hadi tarehe hiyo, na nirudi lini? Naomba niandikiwe.

Swali la mwisho ndilo familia ya Tindiga haikuuliza, na huenda hakuna aliyewaeleza. Tulipozungumza tena na kijana yule alisema mzee amekiri kwamba alikuwa akikohoa na homa kwa wiki nzima kabla ya kulazwa, akanyamaza asije akarudishwa. Sigara nazo alizipunguzia hesabu mbele ya daktari. Sasa ameziacha, anamalizia dawa, na kila asubuhi anatembea hadi dukani na kurudi. Tarehe mpya ameandikiwa, na ameshasema atakwenda.